Atwaaye Kengele Hukaa Kitini

Nkuba aliingia nyumbani kwa kaka yake huko Ubaruku akiwa hoi, viatu mkononi na vumbi hadi kwenye nyusi. Basi la Iringa lilikuwa limemshusha njia panda, na mwendo uliobaki aliukata kwa miguu. Mtu aliyebeba magunia stesheni ya Mbeya miaka mingi, kama yeye, hana miguu ya kuchezea. Lakini shemeji yake, Mbuke, alikuwa amemwandikisha mwalimu barua ya mstari mmoja: njoo, kaka yako hasikii, ng'ombe zinakwisha.

"Hasikii maneno ya watu, au hasikii kwa masikio?" Nkuba aliuliza huku akinawa miguu.

"Masikio," alisema Mbuke. "Tangu ile homa ya mwaka juzi. Anaangalia midomo ya watu ndiyo anajibu. Giza likiingia anakaa pale mlangoni kwa zizi, eti analinda. Ng'ombe tatu zimetolewa nyuma yake, yeye amekaa tu. Sasa nalinda mimi. Yeye anakaa mbele, mimi nakaa nyuma na panga, na hajui. Kukicha naingia kwenye mpunga. Nimechoka, shemeji."

Macho yake yalikuwa mekundu na alisema hayo yote bila kupandisha sauti. Nkuba alimwamini nusu tu. Kaka Limbu, asisikie? Limbu yupi huyo?

Walipokuwa wadogo kule Usukumani, kabla baba yao hajaswaga ng'ombe kuja Usangu, walikuwa na mchezo wao. Mmoja hukaa kwenye kiti cha miguu mitatu, kitambaa machoni, fimbo mkononi, na kengele ya ng'ombe kiongozi chini mbele yake. Wengine hunyata kutoka mbali waje kuiiba. Mwenye kiti akisikia kitu huelekeza fimbo. Ikikulenga umekufa, toka. Ukiitwaa kengele bila kulengwa, kitambaa ni chako na kiti ni chako, unalinda wewe. Wazee waliupenda mchezo ule kuliko shule, maana ndio uliofundisha watoto kulinda mali.

Limbu alikalia kiti kile miaka sita na hakuna aliyemwondoa. Nkuba alijipaka matope nyayoni, akatambaa kwa tumbo, akajibanza katikati ya ndama akatembea nao hatua kwa hatua; wapi! Fimbo ilimfuata kama imeambiwa. Siku moja alilia kwa hasira mbele ya wenzake wote, na aibu ile hajaisahau mpaka leo.

Jioni ile alimweleza kaka yake taratibu, uso kwa uso. Apumzike. Kazi ya kulinda aishike mtu mwingine.

Limbu alicheka. "Mbuke amekujaza maneno. Wezi wa siku hizi wana dawa, mdogo wangu. Mwenye dawa hata baba asingemsikia."

"Basi kesho asubuhi tucheze kengele. Mimi sina dawa."

"Wewe? Wewe ambaye hujanigusa hata mara moja?"

"Ukinilenga, narudi kwangu Iyunga, Mbeya, na sisemi tena. Nikiitwaa, kiti unakiacha."

Limbu alikubali kabla maneno hayajaisha. Nkuba ndiye aliyejilaza kwenye ngozi na moyo mzito. Kiti kikiachwa, nani atakikalia? Baba alikwisha kufa, na ndugu walikuwa wawili tu. Alizikimbia ng'ombe mwenyewe kwa hiari yake. Alikuwa na chumba Iyunga, kitanda cha chuma, na kazi ambayo saa ikifika unakwenda kulala kama binadamu. Akakata shauri ashindwe. Kaka abaki na heshima yake, yeye abaki na chumba chake, na Mbuke Mungu atamwona.

Asubuhi Limbu alikaa kitini mlangoni mwa zizi, mgongo umenyooka, akajifunga kitambaa mwenyewe. Mbuke alisimama uzioni. Nkuba alianzia mbali, kwenye rundo la mabua, akayakanyaga makusudi. Yalivunjika kwa kelele. Fimbo haikutikisika. Akakohoa. Bado. Akalipiga teke debe la maji, likabingirika mpaka kwenye jiwe, na jogoo akaruka juu ya paa. Limbu alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, vilevile kama zamani, anasikiliza.

Nkuba alisogea bila kunyata. Alikuwa amekwisha kufika, hatua tano tu kutoka kwenye kengele, upande wa kulia, akihema kama mwenye pumu. Hapo Limbu akatabasamu na kunyoosha fimbo kushoto, kwa ndama.

"Umekufa, Nkuba! Hatua zako nazijua tangu hujaota meno."

Ilitosha asogee kushoto tu. Asogee asimame mbele ya fimbo, kitambaa kikifunguliwa akutwe pale, na leo hii hii apande basi. Kumhurumia kaka na kujihurumia mwenyewe vilikuwa kitu kimoja, tena chepesi. Alipiga hatua mbili. Ndipo alipomwona Mbuke. Alikuwa amesinzia akiwa amesimama, shavu limelala kwenye mti wa uzio, mdomo wazi, na kelele zote zile hazikumwamsha.

Nkuba alirudi. Aliinama, akaiokota kengele, akaipiga.

Aliipiga kwa nguvu, kando ya sikio la kaka yake. Mbuke alizinduka akishika kiuno kutafuta panga. Ng'ombe zote ziliinua vichwa zikageuka. Limbu alikuwa bado anatabasamu, fimbo imenyooka kwa ndama.

"Vipi," aliwauliza ndama, "umekubali?"

Nkuba alimwekea mkono begani. Limbu alishusha kitambaa, akaiona kengele inayumba mkononi mwa mdogo wake. Akazitazama ng'ombe, zote zinaitazama kengele.

"Unaipiga?"

"Naipiga, kaka."

Limbu alishusha fimbo. Kisha akainuka, akamwelekeza Nkuba kitini, akamfunga kitambaa machoni kwa mafundo mawili, kama mchezo unavyotaka, na kumwekea fimbo magotini.

"Kaa," alisema. "Sasa ni chako."

Nkuba alikaa. Mfukoni ufunguo wa chumba cha Iyunga ulimchoma pajani. Alisikia ng'ombe zikicheua, akasikia Mbuke akishusha pumzi na kuketi chini palepale alipokuwa. Akazisikia hatua za kaka yake zikizunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mwanaume huenda ili asisikiwe. Huko Limbu akalia kwa siri, alivyodhani yeye, na kilio chake kikafika mpaka kwenye mashamba ya mpunga.