Maji ya Shemeji

Rutaihwa alipostaafu kazi Mwanza na kurudi kwao Nyanga, Bukoba, alijenga nyumba juu kidogo ya kibanja cha marehemu mdogo wake, Datius. Aliezeka bati la rangi ya damu ya mzee, akang'oa migomba yote, kisha akatandaza matofali ya pevingi ua mzima mpaka kwenye mulamula, ile miti ya mpaka ambayo babu zao waliipanda kutenga shamba hili na lile. Watu walimsifu sana. Hakuna aliyeuliza mvua ikinyesha juu ya yote hayo maji yatakwenda wapi.

Yalikwenda kwa Anatolia, mjane wa Datius. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi yaliyopigwa plasta kwa nje, na sebuleni sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Juu ya udongo alitandika nyasi za rweya, ule uwanda wa majani nje ya mashamba, kama mama mkwe wake alivyomfundisha, kwamba mgeni hakanyagishwi udongo mtupu. Masika ya kwanza tu, maji ya Rutaihwa yaligonga ukuta wa nyuma, yakapenya chini ya msingi, yakaingia sebuleni bila hodi. Anatolia akapanda kwenda kumwambia.

"Shemeji," Rutaihwa alimjibu, na hata kiti hakumpa, "kwani huu mlima nimeuumba mimi? Maji kazi yake kushuka."

Kwa mwenyekiti wa mtaa nako aliambiwa, "Hayo ni mambo ya ukoo, mama. Kayamalizeni nyumbani."

Hapo ndipo Anatolia alipokosea, na kosa lake lilikuwa la adabu. Kila maji yalipoingia, aliyakausha kwa matambara, akachukua mundu, akaenda rweya, akarudi na mzigo kichwani na kutandika upya. Aliona haya. Mke wa Datius akae kwenye matope, watu wamwone? Basi wageni wakawa wanasifu kwamba kwa Anatolia nyasi hazichakai, na yeye anatabasamu huku moyoni akitukana matusi ambayo kwa padri hakuwahi kuyaungama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukuta wa nyuma ukaanza kumomonyoka chini, na ufa ukapanda kutoka kwenye msingi hadi dirishani.

Ufa ulipoonekana, Rutaihwa akapatwa na huruma. Mtu aliyekunyima kiti akianza kukuhurumia ghafla, funga mlango. Alizunguka kwa wazee mmoja mmoja akiwaeleza kwamba nyumba ya marehemu iliharibiwa na lile tetemeko la ardhi lililopita Datius akiwa hai, kwamba mjane ameshindwa kuitunza, na kwamba afadhali ahamie kwa mwanawe kule Ijumbi kabla haijamwangukia, kibanja kirudi kwa ukoo. Aliposema ukoo alimaanisha yeye mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumwambia fundi mmoja kwamba pale chini pangefaa sana vyumba vya kupangisha.

Anatolia alizipata habari hizo Jumapili, nje ya kanisa. Hakulia. Alifika nyumbani, akavua gauni la misa, akachukua jembe.

Alichimba mtaro nyuma ya nyumba, ndani ya shamba lake, akiacha nafasi kati yake na mulamula. Aliupeleka kwa mshazari, ukazunguka pembe ya nyumba na kushuka hadi migombani, ambako alichimba mashimo ya kupokea maji. Kila alipomaliza kipande alimimina ndoo ya maji. Yakisimama, alichimba tena. Yakienda, aliyasindikiza kwa macho kama mtu anayemtoa mgeni mkorofi. Mikono ikatoka malengelenge.

"Jembe la mwanamke ni la maharage," jirani mmoja akamtania.

"Basi mwaka huu maharage yangu yana mizizi mirefu. Pita!"

Siku moja alikwenda sokoni Rwamishenye, na aliporudi alikuta sehemu ya juu ya mtaro imejazwa udongo na kushindiliwa. Rutaihwa alikuwa amesimama hapo hapo, mikono nyuma.

"Umechimbua mpaka wa ukoo," alisema. "Umegusa mulamula. Nimeita kikao kiamue kama utabaki hapa au utaondoka. Jumamosi, nyumbani kwangu. Kuna makochi."

Anatolia alitua mzigo wa sokoni chini. "Jumamosi ni sawa. Lakini mshtakiwa ni nyumba yangu, na nyumba haipandi mlima. Mtakuja kwangu."

Jumamosi hiyo aliamka, akatazama upande wa ziwa. Wingu lilikuwa limekaa juu ya maji, jeusi. Mtu wa Bukoba hahitaji redio kumwambia wingu la namna hiyo linakwenda wapi. Akarudi ndani, akazikusanya nyasi zote za sebuleni na kuzitoa nje, mzigo baada ya mzigo, akazimwaga kwenye mashina ya migomba. Alijiona kama anavua nguo mbele ya wakwe. Lakini aliendelea mpaka sakafu ikabaki tupu, nyeusi, na alama ya maji ikizunguka chini ya kuta mahali ambapo nyasi zilikuwa zinaificha. Kisha akapanga viti. Stuli ya kukalia Rutaihwa aliiweka karibu kabisa na ukuta wa nyuma.

Mzee Kahigi, mkuu wa ukoo, alifika na wazee wawili, viatu vyake vimeng'arishwa. Akasimama mlangoni.

"Anatolia, nyasi ziko wapi? Wazee wa ukoo tunakalishwa kwenye udongo? Tumekukosea nini, waitu, mtu wa kwetu?"

"Hamjanikosea, tata," akajibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Karibuni ndani."

Aliwapa kahawa ya kutafuna na lubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, ili wajue kwamba adabu ipo, ila leo nyasi hakuna. Rutaihwa naye akaingia, akatazama sakafu, akakunja pua, akaketi. Alianza kusema. Mvua nayo ikaanza, matone mazito kwanza, halafu bati zima likanguruma, ikabidi apaze sauti.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta! Mjane huyu hakuziba ufa!"

"Ufa nimeuziba mpaka kucha zimeisha," Anatolia alisema. "Wewe ndiye unayeufungulia maji."

Hapo hapo maji yakaingia. Yalitokea chini ya ukuta, mekundu, yakatambaa hadi kwenye stuli yake. Akainua miguu.

"Shusha miguu, shemeji," Anatolia alisema. "Hayo ni maji yako, umeyafuga mwenyewe. Unayaogopa?"

Maji yakafika kwenye viatu vya Mzee Kahigi. Mzee mmoja akainuka na kusema wahamie kwingine.

"Kikao hakijaisha," Anatolia alisema, amesimama mlangoni. "Mimi hulala humu. Kila mlipokuja mlikanyaga nyasi mkanisifu, na chini yake kulikuwa hivi. Niliona aibu nikawaficha. Sasa aibu hiyo imenichosha, naikabidhi kwa ukoo. Tetemeko lilipita hapa. Mimi na Datius tulikimbilia nje, likaisha, tukarudi ndani, na kuta zote zilikuwa zimesimama. Nyumba iliyoshinda tetemeko haitaangushwa na bati la shemeji!"

Mzee Kahigi akakohoa, akatazama viatu vyake. "Mambo haya ni mazito," alisema. "Yanataka utulivu. Naona tukae tena mvua zikiisha."

Mvua zikiisha! Nyumba ingekuwa imekwisha lala chali. Anatolia alicheka, kicheko kikavu.

"Nyinyi kaeni, tata. Maji hayakai."

Akalichukua jembe nyuma ya mlango na kutoka. Kwa kuwa ndani kulikuwa kumelowa kama nje, wazee nao wakatoka. Walimkuta kwenye ule udongo ulioshindiliwa, anaupiga, anauvuta, gauni limemgandama mwilini.

"Mwacheni aendelee!" Rutaihwa alipiga kelele. "Mtaona wenyewe alivyokata mulamula!"

Wazee wakaona. Upande wa mtaro, mulamula yote ilikuwa wima, hata jani halikuguswa. Lakini pale pevingi ilipoishia palikuwa na pengo, na kutoka kwenye pengo hilo maji ya ua mzima yalikuwa yakirukia chini kwa Anatolia. Mzee Kahigi alisogea, akainama. Alinyoosha mkono, akagusa kisiki kilichokatwa kwa panga, kisha cha pili.

"Rutaihwa," aliita, bila kugeuka. "Hii ilipandwa na babu yako. Nani ameikata?"

Rutaihwa akainua kola kufunika masikio, kama vile mvua ndiyo iliyoulizwa.

Hapo udongo ukaachia. Maji yakasita kidogo, yakaingia mtaroni, yakazunguka pembe ya nyumba kwa kasi na kushuka migombani. Anatolia akaegemea mpini wa jembe. Sasa ndipo alipolia, na hakujali nani anamwona.

"Kikao kimekwisha," Mzee Kahigi alisema. "Mjane anakaa kwake. Wewe, Rutaihwa, utapanda mulamula mahali pake, na mtaro huu utaujengea mawe. Kwa mikono yako, si ya fundi."

Alijenga. Alijenga kwa kunung'unika, lakini alijenga, na majirani walipita njia hiyo hata wale ambao haikuwa njia yao. Mchana mmoja mvua ilimkatiza kazi, akaja kuomba hifadhi. Anatolia alimkaribisha na kumsogezea stuli ile ile, mahali pale pale. Rutaihwa alitazama kwanza ukuta, halafu sakafu. Ilikuwa tupu, na ilikuwa kavu.

"Shemeji," alisema, akitafuta pa kuanzia, "mpaka leo hujatandika nyasi?"

"Nyasi ziko migombani, ndiko zina kazi," Anatolia alimjibu. "Humu ndani sina tena cha kufunika."