Namba Kumi na Nne

Pigo la kwanza lilimpata Oketch begani, la pili likampasua kichwa juu ya sikio. Hakukimbia. Alipiga magoti katikati ya mitungi, mikono masikioni, akawa anayumba mbele na nyuma huku akisema, "Njano na njano, njano na njano."

"Anatubeba ufala, anatuona wajinga!" Wepukhulu akanguruma, akainua tena kipande chake cha bomba. "Mnasikia? Anatuimbia!"

Wepukhulu ndiye aliyelinda foleni ya mfereji ule wa mtaa wa Lindi. Maji yalikuwa yamekauka siku nne, na siku nne watu walikuwa wamepanga mitungi ya plastiki kwenye mstari, kila mtungi ukimshikia mwenyewe nafasi, naye akienda kazini. Mtungi wako ulikuwa ni wewe, hakuna aliyeugusa. Asubuhi hiyo Seline alimwacha kaka yake Oketch auangalie mtungi wao kidogo tu, akimbie mtaa wa Ayany kuanua nguo anazofulia watu. Aliporudi alikuta mitungi sitini imepangwa upya kwa rangi: ya njano huku, ya buluu kule, myeupe mwisho. Na maji yalikuwa yameanza kutoka. Wanawake walishikana nywele, kila mmoja akidai yeye ndiye wa kwanza. Mzee mmoja alikaa kwenye matope akitema jino. Ndipo mtu akauliza ni nani aliyevuruga foleni.

Seline akajitupa juu ya kaka yake. Teke likamwingia ubavuni.

"Mwacheni! Ni mgonjwa! Ana siku ya daktari, leo hii!" Akachomoa kadi kifuani, akaiinua juu.

"Mgonjwa wa nini?" aliuliza Mutheu, jirani yao wa mlango wa tatu. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa unatoka damu. "Miaka ishirini na sita, mwili kama mlango. Ugonjwa gani huo hauna jina?"

Jina ndilo Seline alilokuwa akilingoja kwa miezi kumi na minne.

Watu walipoirudia mitungi yao, alimfunga kaka yake leso kichwani, wakatembea, wakapita kituo cha Olympic, hadi Kawangware, kwenye kliniki ndogo ya kanisa. Hapo ndipo nesi Wamucii alipomwambia miezi ile kumi na minne iliyopita, "Nadhani ni otizimu. Mtu huzaliwa nayo. Lakini mimi si wa kusema, wa kusema ni daktari. Huja mara moja kwa miezi minne, na watoto huonwa kwanza." Wakangoja. Mara mbili daktari hakuja. Katika kungoja huko Oketch alivunjwa mkono sokoni kwa kumkodolea mtu macho, na akamwagiwa uji wa moto kwa kupanga vikombe vya hoteli visivyo vyake.

Leo daktari alikuja. Lakini damu haikukubali kukoma, na aliposhonwa uzi wa mwisho, wa tisa, gari la daktari lilikuwa limeshaondoka.

Seline akapiga meza ngumi hadi kalamu zikaruka. "Sasa lini?"

"Mwezi wa tano."

"Watakuwa wamemuua!"

Wamucii aliokota kalamu moja moja. Oketch alizipokea, akazilaza kwa urefu wao, akatulia.

"Huwa anatulia hivi?" nesi akauliza.

"Akipata kitu cha kupanga."

"Basi tarehe nimekuandikia, usiikose. Lakini usimfiche ndani mpaka hapo. Mpe kitu cha kupanga ambacho na wale waliompiga wanakitaka."

Seline aliyawaza maneno hayo njia nzima, ubavu ukimchoma.

Jumamosi, maji yalipokauka tena, aliomba kopo la rangi nyekundu iliyobaki kwa fundi mmoja wa Ayany, akaifuata foleni ya mitungi kuanzia mbele, akiandika namba kwenye kila mtungi. Wengine walimfukuza. Mutheu ndiye aliyesema, "Andika wangu. Juzi niling'olewa nywele bure." Baada yake wakakubali, mmoja mmoja, na Oketch akawa anaisimamisha mitungi sawasawa kwa namba zake. Wepukhulu alikuwa kwa muuza pombe ya chang'aa. Mtungi wake ukapata kumi na nne, pale pale ulipokuwa.

Maji yakaja. Wepukhulu akaja pia, akauchukua mtungi wake na kuutua mbele ya wote, kama kawaida yake.

Oketch akaunyanyua, akaurudisha.

Wepukhulu akauleta mbele. Oketch akaurudisha.

"Buda, unataka nyuzi zingine?" Bomba likapanda juu. Seline akajikuta ameokota jiwe lililojaa kiganja, na alijua kwamba angempiga nalo usoni, hata iweje baadaye.

"Namba yako ni kumi na nne!" Mutheu akapaza sauti.

"Kumi na nne!" wengine wakadakia, wanawake kwa wanaume, wakisogea karibu, kila mmoja na mtungi mkononi.

Wepukhulu aliwatazama. Kisha akashusha bomba kwa nguvu zake zote, si kichwani mwa Oketch, bali juu ya mtungi. Ukapasuka toka mdomoni hadi kitakoni.

Oketch aliuokota ule mtungi uliopasuka, akaupeleka katikati ya kumi na tatu na kumi na tano, akaugeuza namba itazame mbele.

"Sasa iko sawa," alisema.

Wepukhulu akatema mate chini, akaondoka. Seline akaliachia lile jiwe. Mwezi wa tano ulikuwa bado mbali, na kadi ilikuwa kifuani mwake.

"Namba moja!" Mutheu akaita.