Pampu Iliyoombewa

Derrick ana duka la pembejeo hapa Kitale, na akiwa nyuma ya kaunta mdomo wake hauna breki. Mkulima wa Saboti akija kuuliza dawa ya viwavi, ataelezwa mpaka awahurumie viwavi. Lakini mweke huyo huyo mbele ya Nelima, mwalimu wa Kamukuywa, uone. Anamwuliza kama mvua imenyesha. Wamependana miaka mitatu, na mvua imeulizwa vya kutosha.

Mwaka jana alinituma mimi nikamwambie Nelima kwamba anataka waoane. Derrick ni bakoki wangu, tulipashwa tohara msimu mmoja, kwa hivyo sikuwa na njia ya kukataa. Tena, tusidanganyane, napenda kuongea. Nilienda nikayapamba maneno hadi yakatoa harufu nzuri. Nelima alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chai, kisha akasema, "Wabwile, umeongea vizuri. Kama ningekuwa naolewa na mdomo wako ningekubali leo. Sasa mwambie mwenyewe aje."

Mwenyewe hakuja. Halafu mwezi wa nane Nelima akapata barua ya kwenda kufundisha Kwale, aripoti Jumatatu. Ndiyo siku Derrick aliingia studio yangu ya picha, pete mfukoni, jasho usoni. Alikuwa ameona kwenye simu vile watu huchumbiana siku hizi: kando ya maji, ghafla, na mpiga picha yuko tayari. Alitaka hivyo hivyo. Asipouliza kabla ya Jumatatu, alisema, Nelima ataenda akijua hakuna mtu aliyemtaka.

Shida ilikuwa namna ya kumfikisha mtoni bila kumshtua. Nikamwambia Derrick afanye kile anachokijua. Tukapanga tuseme duka limeleta pampu mpya ya petroli na linataka picha za matangazo, na lazima mwanamke mmoja aonekane ameridhika na pampu. Nelima alinipigia simu kuuliza ni kwa nini pampu imtake avae gauni. Nilimwambia wateja wa Bungoma wanapenda heshima.

Jumamosi saa nne tulikuwa kando ya mto, chini kidogo ya soko la Kamukuywa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalipita polepole, kama hayana haraka ya kufika. Juu ya mawe akina mama walikuwa wakifua. Nikamsimamisha Nelima upande ambao mwanga unampata usoni, Derrick mbele yake, pampu katikati. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikikohoa, anapiga goti.

Nikakohoa. Derrick hakusikia. Nikakohoa tena, na mama mmoja akanishauri ninywe tangawizi. Mara ya tatu Derrick akashuka. Si goti moja, bana. Magoti yote mawili, kwenye tope, mbele ya pampu, na kichwa amekiinamisha kwa woga.

Sasa Nelima amelelewa Lugulu, nyumba ya watu wa kanisa, na kwao kama kwetu kitu kipya hakiwashwi kabla ya kuombewa, iwe pikipiki ama kinu cha posho. Alipomwona Derrick amepiga magoti mbele ya mashine, akafumba macho. Akina mama wakaacha nguo zao wakasimama. Na kwa vile Derrick hakutoa sauti, kukhu Phelista, nyanya mzee kuliko wote pale, akaona kijana ameshindwa na maombi, akamsaidia.

Aliombea pampu. Aliombea petroli isichanganywe na maji. Aliombea shamba litakalonyweshwa, walimu, wasafiri, na kijana huyu mnyenyekevu. Dakika kumi na mbili. Najua kwa sababu kamera huandika saa. Derrick alikuwa na mkono mmoja mfukoni, akinitazama kama ndama aliyekwama kwenye matope. Nilipiga picha thelathini na saba. Katika zote bibi harusi amefumba macho.

"Amina," tukasema wote.

Nelima akamshika Derrick mkono akamwinua, akamwambia amefurahi kumwona akitanguliza Mungu kwa kazi yake. Sasa si awashe.

Na Derrick akawasha. Alinipa paipu nishike, maji yakaja kwa nguvu, nikabaki nimeikumbatia kwa mikono miwili, kamera ikining'inia shingoni. Maneno yote yalikuwa yamejipanga mdomoni mwangu. Sentensi tatu tu na ningemaliza hiyo kazi. Nelima akanitazama, mara moja, na nikajua anangoja aone kama nitathubutu kumsemea tena. Nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu namna hiyo.

Nelima akasema pampu ni nzuri na yeye ana mizigo ya kufunga. Akaanza kupanda ukingo. Alienda hatua nne, tano.

Derrick akazima pampu.

"Nelima," akasema, "hii pampu si mpya. Ni ya jirani yangu Mukhwana, nimeazima. Nilipiga magoti kwa sababu yako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kukhu alikuwa anaomba."

Akina mama walikuwa wameacha kufua tena. Derrick akafuta mikono kwenye suruali, ikawa michafu zaidi.

"Sikutumii mtu leo. Nataka tuoane. Kwale nenda, ufundishe, mimi nitakuja. Lakini usiende kama mtu ambaye hajaulizwa."

Nelima alishuka ule ukingo bila haraka. Akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye maji, akamwosha matope kidole kwa kidole, kama mtoto. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Nimekubali," akasema. "Kwa baba utapeleka wazee."

Nilipokuja kuitupa ile paipu na kuifikia kamera, pete ilikuwa imeingia. Nikawaomba warudie. Nelima aliniuliza kama mimi nilizaliwa mara mbili.

Kwa hivyo picha nzuri niliyo nayo ni moja, ya baadaye. Wameketi juu ya jiwe, viatu pembeni, miguu majini. Derrick ameinua mikono yote miwili, anaeleza kitu, na Nelima anacheka ameinama. Alikuwa anasema nini sijui. Sikuwa karibu, na hawakuniita.