Nusu ya Fundi

Fundi cherehani huyu alikuwa mwanamke mwenye kasoro moja, nayo ndiyo iliyomletea sifa: hakati kitu barabara. Mpe kitambaa umpimie kwa rula, bado ataacha nafasi ya kushonea, maana mteja hunenepa na kitambaa hakikui.

Na kunenepa alikujua. Miaka sita nyuma, kinga ya mwili wake, iliyotakiwa kupigana na maradhi, ilimgeukia mwenyewe ikaanza kumtafuna viungo. Vidonge vya steroidi vilimwinua kitandani, ila mashavu yakamvimba, usingizi ukamruka, na njaa ikawa haina adabu. Hasira nazo! Wateja walibisha hodi wakiwa mbali, kwanza wapime upepo. Aliyefurahi alikuwa mama mkwe peke yake. "Mkwe wangu kanawiri, mnaona?" aliwatambia majirani. "Mwanangu anajua kulisha."

Sasa daktari, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu, akasema ugonjwa umetulia, waanze kuvipunguza.

"Lakini taratibu, mama. Tezi zako, zinazotengeneza dawa kama hii mwilini, zimelala miaka sita. Ukiziamsha kwa kofi zitagoma, na wewe utaanguka. Badala ya kidonge kizima, kila siku meza nusu. Hivi thelathini vikufikishe miezi miwili."

Siku ya thelathini na moja fundi alikuwa tena mlangoni pa daktari, mikono mitupu.

"Vimeisha?"

"Vimeisha. Na nilikata nusu, haki ya nani."

"Hebu kata nione."

Daktari akamtolea kidonge. Fundi akachomoa mkasi mdogo mkobani, akafumba jicho moja, akakata. Kipande kimoja kilikaribia kidonge kizima. Cha pili kilikuwa punje.

"Mbona hiki kimezidi?"

"Nimeacha nafasi ya kushonea."

Daktari akakaza midomo. "Na hii punje unaitupa?"

"Nitupe! Naiokota kwa kidole, nailamba. Kwetu kipande hakitupwi."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mwezi mzima mama wa watu alikuwa akimeza kidonge kizima kwa awamu mbili, akijihesabia nusu. Fundi naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Mficha uchi hazai, akasema.

"Naogopa, mwanangu. Kabla ya hivi vidonge mume wangu ndiye aliyekuwa ananivisha. Mimi, fundi, nilishindwa kufunga kifungo."

Daktari hakucheka tena. Akamwandikia vidonge vya nguvu ndogo, visivyotaka mkasi, vya kupungua kimoja kimoja kwa miezi, pamoja na namba ya simu ya kupiga akizidiwa.

Alizidiwa mara mbili. Mwili ukawa mzito kama gunia lililolowa. Akapiga simu, wakasitisha kupunguza kwa muda, kisha wakaendelea. Usingizi ukarudi. Mashavu yakashuka, na mama mkwe akaja mbio na kapu la chakula, akimkaripia mwanawe: "Umemfanya nini mtoto wa watu? Si anaisha huyu!"

Hatimaye ikafika asubuhi ya kwanza bila kidonge hata kimoja. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, hataki hata kuitazama. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mumewe akakaa kando yake. "Funga ngumi."

"Siwezi."

"Hujajaribu."

Akakunja kidole kimoja, cha pili, vyote. Viliitika kwa ukaidi kidogo, lakini viliitika.

"Haya, nipige," mume akasema, akimpa bega.

"We mwanaume una wazimu?"

"Nipige nione."

Akampiga. Mume akaruka, akalishika bega, machozi yakimlengalenga. "Mama yangu wee!"

"Imeuma?"

"Imeuma!"

"Kweli, au unanibembeleza?"

"Kweli, mke wangu. Imeuma sana."

Fundi akaangua kilio cha furaha, na kilio hakijaisha akampiga bega la pili, apate uhakika.