Usaili wa Mita Tisa

Mkufunzi wa kuzamia alikuwa na vyeti vinne na hana kazi hata moja. Vituo sita vya kuzamia vilishamwambia "tutakupigia simu," na simu yenyewe haikuita hata kwa kukosea namba. Hiki kilikuwa cha saba na cha mwisho, maana shangazi yake alikwishamtafutia nafasi kwenye duka la magodoro, aanze kesho asubuhi. Shangazi hakuwa mbaya, jamani. Hakuona tu sababu ya mtu mzima kulipwa kwa kupumua.

Karani wa kituo alimpokea gatini, akachukua vyeti, akampa mtungi wa hewa na kibao cha kuandikia majini, kisha akamweleza kwamba usaili hufanyika chini, mita tisa. Bosi alikuwa amechoshwa na wasailiwa wenye domo. Mkufunzi alitaka kucheka, akajizuia, akamwachia karani begi lenye simu yake, akatumbukia.

Hakudanganywa. Juu ya mchanga palikuwa na meza ya ofisi iliyofungiwa matofali, viti viwili, na trei ya barua ambamo kaa mmoja alikuwa amejikalia zake. Bosi, tai shingoni juu ya nguo ya kuzamia, alimwonyesha kiti. Akaanza kuandika maswali polepole, kwa nukta na mkato: Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Udhaifu wako mkubwa ni upi?

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Mzamiaji aliyefunzwa akafunzika hawezi kukaa na mwenzake majini bila kuchungulia kipimo cha hewa cha huyo mwenzake. Akachungulia. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Akaandika haraka: Hewa yako inaisha.

Bosi akasoma, akaandika: Maswali nauliza mimi.

Mara mapovu yake yakakatika, macho yakamtoka pima. Mkufunzi akampachika mdomoni mpira wake wa akiba wa kupumulia, akamshika ukanda wa begani, akaanza kumpandisha taratibu. Bosi akavuta pumzi mbili tatu, akatikisa kichwa kushukuru, akaandika papo hapo: Kwa nini tukuajiri wewe?

Mkufunzi alimtazama mtu huyo anayevuta hewa ya mwenziwe bila haya, hasira zikampanda. Akaandika: Vuta kwanza, halafu ufikirie.

Walipofika juu, kizibao cha bosi hakikuwa na hewa ya kumfanya aelee, kwa hiyo alining'inia kwenye mkono wa msailiwa wake. Akatema maji. "Vizuri sana," akasema. "Tutakupigia simu."

Magodoro yakampita mkufunzi machoni, safu kwa safu, na shangazi amesimama katikati yake.

"Simu yangu iko kwa karani," akasema. "Yako naiona hapo shingoni, kwenye mfuko usioingia maji. Nakutajia namba, piga. Nitakushikilia mpaka umalize."

Bosi akatazama kina kilichokuwa chini yake, akautazama mkono uliomshika, akapiga. Pale gatini, simu ikaita ndani ya begi. Karani akaitoa, akaiweka sikioni, akawatazama wote wawili wakielea pale.

"Mwenyewe hayupo," akajibu. "Yuko kazini."