Miguu ya Baba

Mwalimu wa urubani alikuwa mkali kwa kila mwanafunzi isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa binti yake wa kumzaa. Wenzake wakimtania kwamba kwa binti anakuwa laini kama uji, anakana. Tusidanganyane, alikuwa laini. Ndege ya mafunzo ina pedali za mwanafunzi na za mwalimu, na ikishagusa chini hunyooshwa kwa miguu, si kwa mikono. Basi kila binti alipotua, baba alikanyaga za kwake kidogo, kiujanjaujanja, ndege isiende mrama. Hakumwambia. Binti akajiona hodari.

Leo binti alikuwa anaruka peke yake kwa mara ya kwanza. Baba alisimama na fundi mlangoni pa karakana, presha inapanda, presha inashuka. Upepo ulikuwa wa ubavuni, si mkali, lakini hauna adabu.

"Mbona unakanyagakanyaga sakafu?" fundi akamuuliza. "Ndege iko kule, mzee."

Magurudumu yaligusa lami vizuri tu. Kisha pua ikaanza kuvutika kushoto, kule unakotoka upepo. Baba akakandamiza saruji kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote, na wapi. Ndege ikaacha lami, ikarukaruka kwenye majani, bawa moja likakwangua ardhi, ikajizungusha na kusimama katikati ya vumbi.

Alikimbia na kitambi chake. Alipofika, binti alikuwa ameshateremka, mzima.

"Sijui imekuwaje, baba. Siku zote inanyooka yenyewe."

"Upepo huu, bwana," fundi akasema, huku anahema.

Baba alitamani kuishia hapo hapo kwenye upepo. Alitamani kweli.

"Si upepo," akasema. "Haijawahi kunyooka yenyewe, mwanangu. Nilikuwa nakunyooshea mimi, kwa miguu."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

Binti alimtazama mpaka yeye akainamisha macho.

"Kwa hiyo sijawahi kutua. Na leo ungeniua."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma baba. Akamwomba radhi pale pale, mbele ya fundi. Binti akaenda kupapasa bawa lililokwaruzika.

"Ikitengenezwa nitarudi," akasema. "Lakini nitafutie mwalimu mwingine, baba. Wewe utanisubiri huku chini."