Mawe ya Redio ya Twalibu

Mume wangu Twalibu ni mtu mkimya, na watu hudhani mtu mkimya hana hila. Mimi mwenyewe, niliyeishi naye miaka arobaini na moja, nilidhani hivyo hivyo mpaka siku mbili kabla ya harusi ya mjukuu wetu Warda, pale Kibiti.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kutoka Mbwera, hata miguu sijanyoosha, Warda akaniketisha mkekani na simu yake. Ameupata wimbo wetu, alisema, ule ambao babu yake huuimba hata akiwa anapalilia. Alitaka upigwe yeye na bwana harusi wakiingia ukumbini. Eti anataka ndoa kama yetu.

Nikausikiliza. Gitaa lile lile, sauti ile ile ya kubembeleza. Mwanamume yuko ng'ambo ya mto, anamwita mpenzi wake avuke, maji yamepungua, anamwita tena. Mimi ni bibi wa watu na magoti yananiuma, lakini ukipigwa wimbo ule moyo hunienda mbio kama mwari. Kisha ukaja ubeti wa mwisho, nami sikuujua. Mwanamke havuki. Anapanda mtumbwi wa mtu mwingine, anampita yule bwana bila hata kugeuza shingo, basi, wimbo umekwisha. Nikamwambia Warda wameuharibu. Akasema ndivyo ulivyo tangu zamani.

Mnielewe kwa nini nilikasirika. Kwetu mpunga ukianza kukomaa tunahamia shambani kuamia ndege, kila nyumba na dungu lake juu ya miti. Usichana wangu, dungu letu lilitazamana na la kina Twalibu, na Twalibu alikuwa na redio. Kila Jumamosi alasiri, katika kipindi cha salamu, wimbo ule ulipigwa, naye akiongeza sauti ili nisikie. Ukikaribia mwisho, kimya. Anasimama, anapaza sauti kwamba mawe ya redio yamekwisha, halafu anaumalizia kwa mdomo wake:

Nakuona wanijia, kanga umeipandisha,
Na mimi ninaingia, ng'ambo nikakufikisha.

Huruma ikanishika. Nikawa nakwenda kuyachukua yale mawe, betri zile nene, nayaanika juani juu ya ungo, kama tulivyofanya wote ili yapate nguvu, kisha namrudishia. Jumamosi yanakufa pale pale. Sikujiuliza hata siku moja ni mawe gani yanayojua kuhesabu beti. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika; shamba zima lilituona ninavyokwenda na kurudi, na kabla mpunga haujaisha kuvunwa posa ilikuwa imefika kwa baba.

Basi nikamfuata Twalibu uani, anapiga pasi kanzu yake ya harusi.

"Baba Swaumu, yale mawe yalikuwa yamekwisha kweli?"

Aliweka pasi chini kwanza.

"Hayakuwa yamekwisha. Nilikuwa nazima."

Akanieleza kwamba mwisho wa wimbo aliusikia kijiji cha Mkongo, kwa mjomba wake, kabla hata hajaanza kunipigia ile redio.

"Niliogopa," akasema. "Niliona ukimsikia yule mwanamke anapita zake, utajua kumbe inawezekana."

"Nami naanika mawe mazima."

"Nilikuona. Ningesema, ungeacha kuja."

Nikanuna siku mbili. Chai nilimpa, maneno sikumpa. Niliona uchungu, sifichi: watoto watano, wajukuu tisa, na chini ya yote hayo kumbe kuna redio iliyozimwa makusudi. Nikajiuliza niliolewa na mtu au na uongo.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Ukasha, mpiga muziki, aliuanzisha wimbo, Warda na mumewe wakatokea mlangoni. Vijana waliokuwa wanadai singeli walinyamaza. Wanawake wa rika langu wakaanza kuimba taratibu, na mmoja wa Nyamwage, ambaye simjui, alikuwa anajifuta macho. Sijui wimbo ule una nini. Nilimtazama Twalibu. Amekaa mstari wa mbele na kanzu yake iliyonyooka, kichwa ameinamisha, anausubiri ubeti wa mwisho kama mtu anayesubiri hukumu.

Hapo hasira ikaniishia. Mtu huyu alizima redio miezi michache tu, lakini ule ubeti wake ameuimba miaka arobaini na moja, na kila alipouimba nilikuwa nipo. Nampenda. Nilimpenda hata siku zile mbili nilizonuna.

Nikainuka na magoti yangu mpaka kwenye mitambo, nikamwambia Ukasha azime. Akasema bibi, bado haujaisha. Nikaubonyeza mwenyewe ule mtambo uliokuwa unamulika. Kimya. Warda alisimama katikati ya ukumbi, ananitazama, macho yamemtoka.

"Mawe yamekwisha," nikasema kwa sauti.

Taa zote zinawaka na feni zinazunguka. Waliotoka Mbwera walicheka, maana kule kila mtu anaijua hadithi ya yale mawe, isipokuwa nusu yake. Twalibu akainua kichwa. Alinitazama kidogo, akasimama, akakohoa, akaimba ubeti wake kwa sauti iliyokwaruza, nasi tukiwa tumeachana upana wa ukumbi mzima.

Nikaipandisha kanga yangu, nikaanza kwenda alipo.